Mwana Malaika na Mwana Shetani

Mara ya kwanza nilipolisikia jina la mchezo ule nilikuwa uani natia udhu wa Alasiri. Wajukuu zangu wawili, wana wa binti yangu, walikuwa chumbani wakivutana. Mkubwa ana miaka 19 na mdogo ana miaka 17. Mkubwa alikuwa akidai kuwa zamu ni yake, na mdogo akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani: "Wewe si ndiye malaika? Malaika ana haja gani na gemu? Niache mimi shetani nicheze." Kikafuata kishindo cha kitu kuanguka, kisha kimya.

Nikaingia na maji yakinichuruzika viwikoni. Katika televisheni alikuwamo kijana mwenye nywele nyeupe na joho jekundu, upanga mkononi, na mbele yake kijana mwingine, nywele nyeupe vilevile, sura ileile, ila joho lake ni la buluu. Nikauliza mchezo huu waitwaje. Mkubwa akainamisha kichwa. Mdogo ndiye aliyenitajia: Devil May Cry. Nami Kiingereza kidogo ninacho. Nikafahamu kuwa maana yake ni kwamba shetani huenda akalia. Nikachomoa waya ukutani, nikawaambia kuwa nyumba hii husomwa Kurani kila siku baina ya Magharibi na Isha, na shetani hana kiti humu, awe analia au anacheka. Nikaenda zangu msikitini nikiona nimetimiza wajibu.

Baada ya Isha mdogo akanifuata barazani. Akanipa shikamoo, akakaa chini, akasema: "Babu, wewe hutufundisha chuoni kwamba kadhi hakati shauri mpaka awasikilize wote wawili. Mchezo ule umeuhukumu kwa jina lake tu."

Ndugu msomaji, mwalimu akishikwa kwa somo lake mwenyewe hana pa kutokea. Nikamwambia haya, nitasikiliza. Basi likizo ile ya Desemba 2023 nikawa kila usiku naketi nyuma yao kwa nusu saa au zaidi, na kikombe changu cha kahawa, wao wakipokezana pedi na kunieleza. Naanza kwa kusema, ili nisije nikaeleweka vibaya, kwamba mchezo wenyewe siusifu. Damu ni nyingi, bastola ni nyingi, na wanawake waliomo hawakuvishwa nguo za kutosha. Huko Marekani wenyewe wameupiga alama kwamba ni wa watu wa miaka 17 na kuendelea, kwa hivyo mzazi atakayemwachia mtoto wa miaka 8 asiseme hakuambiwa. Lakini hadithi iliyomo ndani yake ilinishika pabaya, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mchezo huu ni wa kampuni ya Kijapani iitwayo Capcom. Wa kwanza ulitoka mwaka 2001, ukisimamiwa na mtu aitwaye Hideki Kamiya, na ikafuata mingine mpaka wa tano mwaka 2019. Hadithi yake ni ya ndugu pacha, Dante na Vergil. Baba yao, Sparda, ni jitu la kishetani lililoasi wenzake likawakinga wanadamu. Mama yao, Eva, ni mwanamke mwanadamu. Majina ya watoto yametolewa kwa mshairi wa Italia, Dante Alighieri, aliyekufa mwaka 1321, aliyetunga utenzi mrefu wa safari yake ya Jehanamu mpaka Peponi; na kiongozi wake katika sehemu kubwa ya safari ile, kabla ya Peponi, ni mshairi wa kale wa Kirumi, Virgil. (Padre mmoja wa Hispania, Miguel Asín Palacios, aliandika kitabu mwaka 1919 akidai kuwa utenzi ule umekopa mengi katika visa vyetu vya Miraji. Wanazuoni wao wamelibishania jambo hilo tangu siku hiyo, nami siliingii.) Katika utenzi, Virgil humshika mkono Dante akamvusha. Katika mchezo, Vergil na Dante wanakatana mapanga.

Nilipofika hapo nikadhani nimekwisha kuujua: mwekundu ndiye shetani, kwa kuwa moto ni mwekundu, wa buluu ndiye malaika, kwa kuwa mbingu ni buluu. Nikawaambia wajukuu hivyo. Wakacheka wote wawili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuwaona wakicheka pamoja. "Sivyo, Babu. Ni damu moja hao."

Ni kweli. Vergil, yule wa buluu, ni mtulivu, nywele zake kazichana nyuma, hasemi neno la upuuzi, hata upanga wake huurudisha alani polepole kama mtu anayefunga msahafu. Ukimwona utasema huyu ndiye mwana wa watu. Dante chumba chake kichafu, miguu juu ya meza, chakula chake mkate wa Kitaliano wenye jibini uitwao piza, na dhihaka haimwishi mdomoni. Lakini anayetaka nguvu za baba yake hata dunia ikiangamia ni yule mtulivu, na anayesimama njiani kumzuia ni yule mchafu. Katika mchezo wa tatu, uliotoka mwaka 2005, wanapigana mpaka ukingoni mwa dunia ya mashetani. Vergil anashindwa. Anapotaka kujitupa shimoni, Dante anarusha mkono kumshika. Naye anamkata kiganja kwa upanga ili amwachie, akaanguka. Dante anarudi juu, na msichana mmoja anaona tone la machozi shavuni mwake. Dante anasema ni mvua. Mvua hainyeshi. Hapo ndipo msichana yule asemapo kwamba labda hata shetani naye hulia akimpoteza ampendaye. Kumbe jina nililolichomolea waya ndiyo hayo maana yake.

Nikanyamaza, nikaomba kahawa nyingine.

Usiku wa pili nao wakanionyesha mchezo wa kwanza, uliotoka 2001, ambao kwa mpango wa hadithi huja baada ya huo wa 2005. Humo yumo askari wa vazi la chuma, mkubwa kuliko Dante, mtumwa wa mfalme wa mashetani aitwaye Mundus. Askari huyo jina lake ni Nelo Angelo. Walikusudia kusema malaika mweusi kwa Kitaliano, ila Wajapani herufi za r na l kwao ni sauti moja, ikatoka hivyo. Kwa hivyo jina lake malaika, kazi yake ya shetani, na aliyemo ndani ya chuma ni mwanadamu, au nusu yake: ni Vergil, aliyekamatwa kule chini akafanywa mtumwa. Anamshinda Dante, anamkaba, anamwinua amuue. Kidani kinatokeza kifuani mwa Dante, chenye kito chekundu, ambacho mama yao aliwapa, kila mmoja chake. Askari yule anamwachia, anashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa na kipandauso, anakimbia. Amesahau jina lake, amemsahau ndugu yake, lakini kidani cha mama hakukisahau.

Na huyo mfalme wa mashetani, Mundus, hujidhihirisha kwa sura gani? Sanamu kubwa ya mawe, ina mabawa ya malaika. Katika mchezo wa nne, wa mwaka 2008, ni hivyohivyo: kuna mji wenye watu wa dini waliovaa nyeupe, na askari wao wana mabawa na ngao kama malaika wa kwenye picha za makanisa, na ndani ya vyuma vile zimetiwa roho za mashetani. Yule mdogo aliposikia nikisema "Subhanallah" akasema kwa utani, hata hakugeuka, macho yako kwenye televisheni: "Kama kioo cha kabati, Babu."

Nikauliza kioo gani. Mkubwa akaacha kutafuna. Yakatoka hapo yaliyokuwa yamefichwa miaka saba. Mwaka 2016 kilivunjika kioo cha kabati la bibi yao, kabati la harusi yetu. Nikamchapa mdogo, kwa sababu katika nyumba hii kikivunjika kitu haulizwi mtu. Aliyekivunja ni mkubwa. "Nilitaka kusema, Babu," akasema, "lakini wote mlikuwa mmekwisha sema si mimi." Na mdogo alikuwa na miaka 10, akanyamaza, kwa sababu alijua hataaminiwa.

Mkubwa huyo tangu utotoni tukimwita malaika. Alikuwa mpole, halii, na alipofika miaka 12 alikuwa amehifadhi juzuu tano. Mdogo alipanda kuta, alimwaga mafuta ya taa jikoni, alifungulia kuku wa jirani. Bibi yake akamwita kashetani, kwa mapenzi, huku akimpa kashata. Nami mwalimu mzima wa chuo nikalifuata neno lile. Nililisema mbele ya watoto wenzake. Nililisema akiwa na homa.

Hapa pana elimu kidogo, na naomba radhi kwa wanaoijua. Dini yetu haina malaika aliyeanguka akawa shetani. Malaika wameumbwa kwa nuru, hawali, hawaoi, hawazai, na hawamuasi Mwenyezi Mungu kwa analowaamrisha. Hilo la kutomuasi limo katika Sura ya At-Tahrim. Iblisi alikuwa katika majini, na hilo liko wazi katika Sura ya Al-Kahf. Kwa hivyo wale Waingereza wa Cambridge, wa kampuni ya Ninja Theory, walioutengeneza mchezo huu upya mwaka 2013 wakamfanya mama wa pacha kuwa malaika na baba kuwa shetani, wametoka nje ya itikadi yetu kabisa, na vijana waambiwe. Malaika hana mimba. Lakini hata humo, katika kupotea kwao, wameligusa jambo. Vergil wao ni msafi, ana mahali pake pa siri penye watu wanaompenda, anahubiri kuwakomboa wanadamu na udanganyifu wa mashetani. Mashetani wakishashindwa anamwambia ndugu yake: sasa tuwatawale sisi, kwa kuwa wao ni dhaifu na sisi ni bora. Dante ndipo anaposhtuka. Nami nilishtuka naye, kwa sababu neno hilo tunalijua lilikoanzia. Iblisi hakukana kuwa Mungu yuko. Hakuabudu sanamu. Alichosema ni kwamba yeye ni bora kuliko Adamu, kwani asili yake ni moto na ya yule ni udongo. Dhambi ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa ni kujilinganisha.

Na dhambi ya kwanza juu ya ardhi ni ya ndugu wawili. Katika Sura ya Al-Maida tumepewa kisa cha wana wawili wa Adamu, ambao wafasiri huwataja kwa majina ya Habil na Qabil. Wote wawili wametoka tumbo moja. Hakuna aliyezaliwa malaika wala aliyezaliwa shetani. Mmoja sadaka yake imekubaliwa na wa pili haikukubaliwa, basi. Akamuua, kisha hakujua la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu akampeleka kunguru afukue ardhi, naye akajuta kwamba ameshindwa hata kuwa kama kunguru. Watu hukisoma kisa hiki wakakipita mbio. Mimi tangu likizo ile nakisoma polepole.

Neno shetani lenyewe katika Kurani haliko kwa majini peke yao. Sura ya Al-An'am inataja mashetani wa kibinadamu pamoja na wa kijini. Na Sura ya Al-Isra inasema kuwa wenye kufuja mali ni ndugu wa mashetani. Wamekuwa ndugu zao kwa kufuja. Mama zao hawahusiki. Tena imo katika Sahihi Muslim kwamba kila mmoja wetu amewekewa mwenziwe katika majini na mwenziwe katika malaika. Si kwamba huyu kapewa wa juu na yule wa chini. Kila mmoja ana wote wawili. Ningelikumbuka hilo miaka kumi na mitano iliyopita, mdogo asingepigana na nduguye juu ya pedi kwa kujiita jina nililompa mimi.

Mchezo wa tano, wa mwaka 2019, nao una jambo juu ya hili ambalo sikutegemea kulikuta kwa Wajapani. Vergil, amechoka, mwili wake unabomoka, anachukua upanga wake wa Yamato akajigawa mwenyewe. Nusu yake ya ubinadamu inaanguka upande mmoja, ya ushetani upande wa pili. Ya ushetani inakwenda kukaa kwenye kiti ndani ya mti mkubwa unaokunywa damu za watu. Na ya ubinadamu? Unadhani inakuwa malaika? Inakuwa kijana dhaifu anayetembea kwa mkongojo, mkononi kitabu cha mashairi ya Mwingereza William Blake, ngozi inapasuka kama udongo mkavu, siku zake za kuishi zinahesabika. Nusu hiyo haiwezi kudumu ikiwa peke yake. Mwisho yule wa mkongojo anajikokota mpaka kwa mwenziwe na kujirudisha ndani yake, na Vergil anasimama tena, mzima.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Usiku ule walinionyesha pia usiku ule mwingine, wa utoto wa wale pacha, nyumba yao ilipovamiwa na moto ukawaka. Mama alimtia Dante kabatini, akamwambia asitoke, na kwamba asiporudi abadilishe jina lake aanze maisha mapya. Vergil alikuwa nje. Mama akatoka kumtafuta Vergil, na katika kumtafuta akauawa. Vergil hakujua. Alikua akiamini kwamba mama alimwokoa mmoja, na kwamba yeye ndiye aliyeachwa. Yote aliyoyafanya baadaye, kutaka nguvu, kumkata ndugu yake kiganja, yamesimama juu ya jambo ambalo halikuwa. Naye humuuliza Dante, kwa maana yake, kwamba kama wangebadilishana mahali usiku ule, je, mimi ningekuwa wewe nawe ungekuwa mimi?

Mdogo akaisimamisha picha. Akageuka, akaniuliza: "Babu, mbona hakuna aliyemwambia kuwa mama yake alikuwa akimtafuta?"

Nikasema sijui. Nikatoka barazani.

Nalijua jibu, ndugu msomaji, na sasa nitalieleza, maana nimekwisha kuwatolea wengine hotuba miaka arubaini. Mimi ndiye niliyekuwa malaika wa mama yangu. Nina ndugu mmoja tu, tumepishana miaka miwili, yeye mdogo. Mimi nilikaa chuoni, yeye akiruka baharini na watoto wa majahazi. Mimi nilipewa kofia ya viua ya marehemu baba, yeye akapewa bakora. Mama akimwita "shetani wangu," na mtaa mzima ukalishika. Mwaka 1984 akaenda Oman kutafuta maisha, akakaa Muscat, akawa akileta fedha kila akipata. Fedha zile nilizipokea mimi, nikazitumia kwa mama, na watu wakanishukuru mimi.

Mwaka 2014 mama alipigwa na kiharusi, akalala miezi mitano. Ndugu yangu hakuja. Nilimwambia kila aliyeuliza kuwa hakuja, na sikuongeza neno. Nilijua, kwa sababu aliniambia kwa simu, kuwa pasi yake ilikuwa imeshikwa kwa kesi ya deni la mwajiri wake na hawezi kutoka. Hilo sikulieleza mtu. Na kila Magharibi, mama akiwashiwa taa, aliuliza neno moja tu kwa ulimi ule uliolemaa: "Hajafika?" Mke wangu ndiye aliyemlisha, ndiye aliyesikia pamoja nami. Hakuuliza juu yangu, kwa kuwa mimi nilikuwapo. Na sitaki kujificha: liliniuma. Miaka yote ile ya kuwa malaika, na jicho la mwisho likamngoja yule mwingine.

Siku ya tatu ya matanga ndugu yangu akapiga simu. Hakuuliza nyumba wala mali. Aliniuliza: "Kaka, mama ameniwachia radhi?"

Nikamjibu: "Hayo wayajua wewe na Mola wako."

Sikusema uongo. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mtaona vizuri kuwa sikusema uongo. Mwaka 2015 ukaja mzozo wa nyumba na maneno mengine yakasemwa, lakini ya nyumba ni madogo. Tangu hapo hatukusemezana. Nami nilikuwa nikiwafundisha watoto wa chuo kila mwaka hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba si halali Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Nilikuwa nikiwasahihisha irabu. Mke wangu mara kwa mara akinikumbusha, kisha akasema si kazi yake kumtoa mtu kilichomo kinywani mwake.

Wale Wajapani walivyoumaliza mchezo wao ni hivi. Ndugu wawili wako juu ya mti, wanataka kuuana kwa mara ya mwisho. Anatokea kijana, Nero, aliyekwisha jua kuwa yeye ni mwana wa Vergil, anawatenganisha kwa nguvu. Hawakumbatiani. Hakuna anayeomba msamaha. Wanashuka wawili kwenda kule chini kuikata mizizi ya mti, kwa kuwa kazi ipo na lazima ifanywe, na tunawaacha huko wakiwa wamekaa wakihesabiana nani kashinda mara ngapi. Mkubwa aliona mwisho huo umepwaya. Mdogo aliupenda. Mimi niko na mdogo.

Asubuhi baada ya swala nilimwomba mke wangu namba ya Muscat, alikuwa nayo, nikamwita mjukuu mdogo anishikie simu, maana zile sauti za kurekodi za WhatsApp huniponyoka kidole zikakatika. Akanishikia. Nilimpa ndugu yangu salamu kwa jina lake. Nikamwambia kuwa mwaka 2014 mama aliuliza "Hajafika?" kila Magharibi kwa miezi mitano, na kwamba usiku wa mwisho aliuliza mara mbili. Nikamwambia kuwa radhi zake anazo zote, na kuwa nililijua hilo siku aliyoniuliza. Mjukuu alikuwa amesimama pale, mkono unamtetemeka kidogo, na hakuniangalia usoni, adabu ambayo sikumfundisha mimi.

Siku mbili halikuja jibu. Ya tatu, Alhamisi, ikaingia sauti yake. Mwanzo ilikuwa ni magari tu, barabara ya huko, na mtu akivuta pumzi. Akaitika salamu. Kisha akauliza, na sauti yake imezeeka kuliko nilivyodhani: "Kaka, alikuwa akinitaja kwa jina gani?"

Nikamwambia kwa jina alilopewa na babu yetu siku ya akika yake, na kwamba jingine hakulitaja.